Mafundi wa matangi hapa Kampala, acheni kufua mchanga wa maji ya chumvi!

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kampuni moja hapa mjini, ambayo kazi yake ni kuuza na kuhudumia matangi ya samaki, ilimtuma fundi wake nyumbani kwangu wakati nikiwa kazini. Fundi huyo alichota mchanga wote uliokuwa ndani ya tangi, akautia kwenye beseni, akausuuza kwa maji ya bomba mpaka maji yakatoka meupe, kisha akaurudisha na kudai malipo yake. Kesho yake samaki walikuwa juu ya maji, matamvua yakipanuka na kufumba kwa kasi, na kabla ya jua kutua wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba samaki wa baharini ndivyo walivyo, na kwamba niagize wengine.

Jibu hilo silikubali. Mchanga wa tangi la maji ya chumvi ni makao ya bakteria wanaoigeuza amonia, inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, na kisha nitriti hiyo kuwa nitrati, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo zaidi. Bakteria wengine huishi kwenye mawe na kwenye kichujio, ni kweli, lakini ukiwaua wa mchangani wote kwa mpigo mmoja, waliobaki huenda wasiumudu mzigo, na wapya huchukua wiki kadhaa kujijenga. Klorini hutiwa katika maji ya bomba kwa ajili ya kuua vijidudu. Nani alimwambia fundi huyu kwamba itawabagua wale tunaowahitaji? Hata bila klorini, viumbe wadogo waliozoea maji yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita hawawezi kustahimili kutumbukizwa ghafla katika maji yasiyo na chumvi.

Kinachoniuma zaidi ni harufu. Upande wa nyuma mchanga wangu ulikuwa na kina cha zaidi ya sentimita 10, na watu wa nyumbani wananieleza kwamba alipouchimbua, mchanga mweusi ulitokea na harufu ya mayai viza ikajaa sebuleni. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu kali kwa samaki, ambayo hujitengeneza pale oksijeni isipofika. Anayejiita fundi alipaswa kusimamisha kazi papo hapo na kuwahamisha samaki, lakini huyu aliendelea kuchota huku samaki wakiogelea humo humo.

Mchanga wa kina kifupi, wa sentimita tatu hadi tano, husafishwa wakati wa kubadilisha maji, kwa mpira wa kunyonyea unaopitishwa juu ya sehemu moja tu, robo au theluthi ya eneo lote, na sehemu nyingine husubiri zamu yake. Mchanga wa kina kirefu haufukuliwi kabisa; hufyonzwa uchafu wa juu tu, kwa sababu kule chini kuna bakteria wa aina nyingine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Kazi hii haihitaji mtambo wowote wa gharama.

Isitoshe, mchanga uliopungua alijazia kwa mchanga wa ziwa, wa aina ile ile inayopakiwa kwenye malori kule Lwera, kando ya Ziwa Victoria, kwa ajili ya ujenzi! Mchanga wangu wa awali ulikuwa wa matumbawe, ambao ni chokaa. Huu wa ziwa kwa sehemu kubwa ni silika, yaani madini yanayotengenezewa kioo, na ulikuja na tope lake. Kampuni hiyo hiyo iliwahi kuniuzia kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, eti ni mfagiaji, bila kunieleza kwamba humaliza viumbe wote wadogo wa mchangani na kisha, katika tangi dogo, hufa kwa njaa. Konokono wadogo wa jamii ya Nassarius wangetosha.

Sisi hatuna pwani. Kutoka hapa hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, chumvi tunainunua kwa kilo, na kila samaki anayefika hapa akiwa hai amegharimu fedha nyingi na taabu nyingi. Kwa hiyo ninaitaka kampuni hiyo ilipe samaki waliokufa, iondoe mchanga wake wa ziwa na kuleta wa matumbawe kwa gharama yake. Badala yake, sasa wananishawishi ninunue chupa ya dawa ya kuondoa utando mwekundu ulioanza kutanda juu ya mchanga. Nimekataa. Utando huo unalishwa na uchafu walioutibua wao wenyewe, na sitawalipa tena ili waufunike. Kama yupo mwingine aliyetendewa hivi, naomba aandike hapa chini alivyofanyiwa, na kama alilipwa fidia aeleze aliipataje.