Tupeane uzoefu: vichekesho vya urafiki wa wanawake vilivyokugusa

NyarDunga: Jana nimerudia filamu ya Bridesmaids, ile ya 2011, nikalia pale wengine wanapocheka. Duka la keki la Annie limefungwa, hana kitu, rafiki yake wa utotoni anaolewa. Mara Helen, mwenye pesa zake, anashika usukani wa harusi. Hapa Kisumu nani yamemkuta?

Lurambi_Mkwe: Mimi. Siongezi neno.

MamaTwinsKondele: Umenitonesha kidonda, dada. Kibanda changu cha nguo Kibuye kilikuwa kimekufa na deni la chama liko shingoni. Rafiki niliyelala naye kitanda kimoja bwenini akatangaza harusi, nami mpambe. Gauni, viatu, nywele za kufanana, kila siku mchango mpya kwenye kundi la WhatsApp. Nikagusa hadi karo ya watoto. Siku moja mwenzake wa ofisini akaandika mbele ya wote: "Asiyeweza aseme mapema tutafute mwingine." Bibi harusi alisoma, alama za buluu nikaziona. Kimya. Siku yenyewe nilishinda jikoni nikigawa soda, na picha zikapigwa bila mimi. Annie alipasua yote mbele za watu. Mimi niliyameza, na mpaka leo yananiwasha.

NyarDunga: Pole sana, mamangu.

Section58: Sinema hizi zinawafundisha dada zetu matusi na pombe. Zina maadili gani ya Kiafrika?

ShikuFreeArea: Kaka, tazama Girls Trip ya 2017. Wanawake wanne weusi, safari ya New Orleans. Matusi yapo, siwezi kukaa nayo na mama mkwe. Lakini Ryan anaficha uzinzi wa mumewe kulinda biashara yao, na wenzake hawamwachi aishi uongo huo. Urafiki huo una kasoro gani?

Section58: Ukweli husemwa bila kulewa.

ShikuFreeArea: Na wanaume wakilewa kwenye vichekesho huwa mnacheka tu.

Lurambi_Mkwe: Hapo umenena.

BungomaBinti: Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani Nakuru. Kipindi cha Auntie Boss cha NTV kilitupa sisi nafasi ya mbele, tukiongea wenyewe kwa wenyewe. Nyce Wanjeri aliposhinda tuzo ya filamu na televisheni za Afrika, AMVCA, 2018 kwa kumwigiza Shiru, nilipiga vigelegele. Ila bado naumia: kwenye vichekesho vyetu vingi, mjakazi na bawabu lazima waongee kwa lafudhi ya Kiluhya ndipo watu wacheke.

Lurambi_Mkwe: Kweli tupu. MamaTwins, mpigie rafiki yako umwambie yote.

ShikuFreeArea: Asimpigie! Aliyenyamaza ndiye atafute simu.

BungomaBinti: Mpelekee kuku. Akishiba ndipo umsomee mashtaka.

MamaTwinsKondele: Kuku wangu hatoki. Nilienda kumwona alipojifungua, tukaongea habari za mtoto tu. Yeye ndiye ananidai neno? Hapana. Nangoja aanze.

Section58: Msamehe, dada.

NyarDunga: Kaka, muache kwanza aseme yake. Nani mwingine?