Mtoto alivuja damu baada ya tohara, sasa wanasema hemofilia. Je imetoka kwangu?

mama_wa_Tanga
Habari zenu wapendwa, naombeni mnieleweshe maana kichwa hakitulii. Mwanangu wa kiume alitahiriwa likizo iliyopita, kidonda cha kawaida tu lakini damu haikati, inaganda kidogo halafu inaanza tena, tunabadilisha bandeji na vitenge usiku kucha mpaka ikabidi aongezewe damu. Wakampima wakasema ni hemofilia A, yaani damu yake haigandi sawasawa kwa sababu fakta 8, protini ya kugandisha damu, iko chini sana. Ndo nikakumbuka tangu anatambaa alikuwa na mabaka ya bluu magotini na mbavuni, kila mtu alisema ni michezo ya watoto. Sasa nyumbani moto umewaka. Mama mkwe anasema kwetu kuna mkosi kwa sababu kaka yangu alifariki kijana baada ya kung'olewa jino, kipindi kile walisema karogwa. Mume wangu hasemi kitu ila naona anavyoniangalia. Nina binti mdogo na nina ujauzito. Je ni kweli imetoka kwangu? Na hawa wengine wataupata?

nesi_wa_zamu
Pole sana dada. Wala si mkosi wala hukumfanyia mtu ubaya. Damu inaganda kwa hatua, fakta moja inaamsha nyingine, kama mafundi waliopanga mstari kupokezana matofali, akikosekana mmoja tofali halifiki juu. Kwa mwanao aliyekosekana ni namba 8, hemofilia B ni namba 9.

Jeni (kinasaba) inayotengeneza fakta 8 ipo kwenye kromosomu X, uzi wa urithi ndani ya seli. Mwanamke ana X mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine inafidia, ndo maana unaweza kuishi miaka yote hujui. Mwanaume ana X moja tu na hiyo anapewa na mama. Kwa hiyo kwa mama anayebeba jeni yenye hitilafu, kila mtoto wa kiume ni nusu kwa nusu kuugua, na kila binti ni nusu kwa nusu kubeba. Kuna familia, karibu theluthi moja ya wagonjwa, ambako haijawahi kuwepo kabisa, jeni imebadilika yenyewe, lakini kwa habari ya kaka yako mimi naona kwenu imeshuka toka kwa mama yenu. Mama mkwe mwambie hata Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa anabeba (yao ilikuwa B), mwanae Leopold alianguka akafariki 1884, na kitukuu chake Alexei wa Urusi naye alikuwa nayo.

Muhimu sasa hivi: kliniki ya wajawazito waambie mapema, tena kwa maneno wazi, kwamba una mtoto mwenye hemofilia. Wakupime na wewe fakta 8, wapange uzazi bila kumvuta mtoto kwa vyombo, na akizaliwa wachukue damu ya kitovu wapime kabla ya sindano yoyote ya kwenye misuli.

goti_la_kushoto
Mimi ninayo, A kali, nipo Dar. Mama nakwambia kidonda cha nje kinatisha lakini kinachotulemaza ni damu ya ndani ya viungo: magoti, viwiko, vifundo vya miguu. Goti langu la kushoto halikunjuki sawasawa kwa sababu utotoni kila likivimba walikuwa wananichua kwa mafuta ya moto. USIMCHUE. Kabla halijavimba utamsikia anasema linachomachoma ndani, au anaacha kukanyaga mguu mmoja, ngozi inakuwa na joto, hapo hapo apewe sindano ya fakta, usisubiri uvimbe. Huku mnakwenda weka barafu kwenye kitambaa, funga bandeji, mguu uinuliwe. Maumivu panado inatosha, aspirini, brufen na diklofenaki asiguse maana zinazidisha kuvuja. Akigonga kichwa, hata kama anacheka, ni hospitali moja kwa moja na fakta kwanza halafu ndo picha ya kichwa.

Muhimbili kuna kliniki yetu, fakta nyingi inakuja kwa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, waulize wakuandikishe. Uliza pia kuhusu emisizumabu, dawa ya kuzuia kuvuja, ile inachomwa chini ya ngozi, mara moja kwa wiki au hata kila wiki nne, wakati fakta ya kawaida inaisha mwilini haraka ikabidi uchomwe mara mbili tatu kwa wiki.

binti_wa_Moro
Naongezea tu kwamba tusiseme ni ya wanaume peke yao jamani. Mimi nina fon Wilebrandi, ugonjwa mwingine wa damu kutoganda vizuri, hii inarithiwa kwa baba au kwa mama, wa kike na wa kiume sawa. Nilipovunja ungo hedhi ilikuwa inapita wiki, naloanisha pedi ndani ya saa moja, nakaa darasani na sweta kiunoni, nyumbani wananipa rozela na kuniambia wanawake wote ndo wako hivyo. Nilikuwa nazimia kwa upungufu wa damu. Sasa natumia asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja, siku za hedhi nipo vizuri. Mama, binti yako apimwe kabla hajavunja ungo, kuna wanaobeba hemofilia ambao fakta zao zipo chini na wao wanavuja.

mama_wa_Tanga
Asanteni mno, nimemsomea mume wangu yote kwa sauti, amekaa kimya halafu akasema tutaenda wote Muhimbili. Nina jambo lingine, mdogo wangu wa kike ana kijana anatakiwa kutahiriwa Desemba, na yeye huwa anatoka damu puani. Nimempigia wameahirisha. Aanzie wapi?

nesi_wa_zamu
Mmefanya vizuri kuahirisha. Aende hospitali ya rufaa akaanze kwa kusema ya mjomba na ya binamu yake. Watataka kupima APTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, sawa, ila ikitoka ya kawaida asikubali kuishia hapo kwa sababu hemofilia nyepesi inaweza isionekane kwenye hicho kipimo, aombe wapime fakta 8 yenyewe. Ikiwa ipo, tohara bado inawezekana, ila ifanyike hospitali akiwa ameshapewa fakta na aendelee kupewa mpaka kidonda kikauke.