Helikopta za wagonjwa majuu, nipo Mwanza, nianzie wapi?

Nyegezi_Kona:
Wakuu salaam. Nipo Nyegezi hapa, nimemaliza form six PCM, miaka 21. Ndoto yangu ni kurusha zile helikopta za wagonjwa huko majuu, zinatua hadi barabarani kwenye ajali. Sababu ipo, mwaka juzi shangazi yangu kule kisiwani Ukerewe alishikwa uchungu usiku ikaleta matatizo, kivuko kimeshalala na ziwa limechafuka, radi tupu, tukakaa Nansio tunasubiri kuche. Walipona wote namshukuru Mungu ila ule usiku sijausahau. Je ni lazima nisomee udaktari? Na masaa ya kuruka wanataka mangapi? Wanaokuja kutania pitieni kushoto.

Sato_Mkavu:
Mkuu mafuta ya bodaboda yenyewe tunachangiana unataka ya helikopta 😂 mwambie babu auze ng'ombe wote na zizi

Rotor_Kirumba:
Dogo achana na huyo. Mimi wa Kirumba, nimekua nabeba ndoo za dagaa Mwaloni, sasa hivi narusha huku Marekani mwaka wa sita. Udaktari husomi, nyuma wanakaa nesi na paramediki, mgonjwa ni wao.

Masaa sasa. Leseni ya biashara ya helikopta huku unaweza kuipata kwa masaa 150 ila nani atakupa mgonjwa na masaa 150? Mimi nilifundisha wanafunzi mpaka nikagonga elfu moja, nikaenda kuzungusha watalii Grand Canyon, ndo nikaingia huku. Grinikadi, kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, ilinitesa kuliko mitihani yote. Ulaya nako, ili uwe kapteni wa hizi njia ya kawaida ni masaa 1000 ukiwa kamanda wa ndege, yaani rubani mwenye dhamana, 500 kati ya hayo yawe ya helikopta. Na leseni ya Marekani huendi nayo Ulaya hivi hivi, mitihani unaanza upya. Ila kabla babu hajauza hata mbuzi kapime medikali daraja la kwanza, kile kipimo cha afya cha marubani, nimeona mtu kauza kiwanja halafu macho yakamkataa.

Halafu kuna kitu watu hawakijui. Simu ikiingia mimi siambiwi mgonjwa ni nani wala ana nini. Naambiwa mahali, naangalia hali ya hewa, nasema naenda au siendi, basi. Maana ukishasikia ni mtoto wa miaka miwili utaruka hata kwenye ukungu. Mwaka 2008 huku ndo ilikuwa balaa, helikopta za wagonjwa zilianguka watu wakafa kuliko mwaka wowote kabla ya hapo, na ajali nyingi za kazi hii ni usiku au hali ya hewa imegeuka. Ndo maana hata nesi wa nyuma akisema simo, hamruki, na hakuna wa kumuuliza kwa nini.

Mama_Dagaa:
Mwanangu hata hapa jirani angalia, AMREF, lile shirika la afya la Nairobi, wanabeba wagonjwa kwa ndege tangu 1957, nyingi ni za mabawa sio helikopta lakini angalau nauli ya basi unayo

Nyegezi_Kona:
Asante mama, asante bro Rotor. Ila swali moja, ule usiku wa shangazi ungekuwa wewe ungekuja?

Rotor_Kirumba:
Nilijua utaniuliza. Mzee wangu alikuwa mvuvi, saa nane usiku anatoka nje anaangalia upande wa Ukerewe radi inavyopiga, ziwa letu unalijua mvua zake kubwa ni za usiku, anasimama weee halafu anarudi kulala, na ndani unga hamna. Mama ananuna lakini mzee haendi.

Ningekataa dogo. Ningewasha injini kukipambazuka.

Sato_Mkavu:
Hapa sina utani. Medikali anapimia wapi huyu, mwenye connection TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, amsaidie