Mrejesho: kipoza joto cha sponji ya metali

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kwa nini sponji ya alumini (metali yenye vitundu vingi ndani) niliyoibandika kwa gundi juu ya chipu ya amplifaya ilipoza vibaya kuliko mapezi ya kawaida (vibamba vyembamba vya metali vya kutolea joto). Mlioshuku kwamba gundi inazuia joto mlipatia.

Nimeanza upya kwa sponji ya shaba, safari hii nikailehemu kwenye bamba la shaba. Joto likashuka chini ya lile la mapezi, ila feni iwe inazunguka. Feni ikizimwa, mapezi yanashinda. Hewa yenyewe haina nguvu ya kujipenyeza kwenye vitundu.

Kosa langu la pili lilikuwa unene wa sponji. Nilidhani eneo kubwa la ndani ndilo kila kitu. Kumbe shaba isiyo na vitundu hupitisha joto takriban wati 400 kwa mita kwa kelvini, lakini ikiwa asilimia 90 yake ni vitundu, hubaki sehemu ndogo mno ya uwezo huo, kwa hiyo tabaka la juu halipati joto la kutoa. Nimeipunguza nusu (msumeno ulinitoa jasho), na feni imepumua.

Kimebaki kitu kimoja: vumbi. Nimeweka chujio mbele ya feni.