Prado inakatwa tairi njia ya Engaresero: AT au MT? Naombeni ushauri

PampuMaji

Wakuu, habari za jioni.

Nina Prado TX, ile ya 120, dizeli, tairi 265/65R17. Kazi yangu ni kufunga na kukarabati pampu za sola kwenye visima, na tangu mwaka jana kazi nyingi zimehamia Engaruka, Engaresero na Gelai. Mara mbili kwa mwezi natoka Arusha, lami safi mpaka Mto wa Mbu, halafu nakunja kulia na raha inaishia hapo. Wanaoijua njia hiyo hawahitaji maelezo: mawe meusi ya volkano yenye makali kama chupa iliyopasuka, makorongo ya mchanga, vumbi la majivu ya Lengai, na miiba ya migunga juu yake. Mvua ikinyesha kuna vipande vya udongo mweusi ambavyo hata ng'ombe wanavizunguka.

Ndani ya miezi mitano nimeua tairi tatu. Kuua kabisa, si pancha. Ya mwisho ni wiki iliyopita, saa kumi na moja jioni, Engaresero tunaiona kwa macho, na spea nilikuwa nimeshaifunga tangu asubuhi. Tumelala ndani ya gari, mimi na mafundi wawili, chakula biskuti na maji yaliyochemka kwa jua, mpaka lori la mifugo lilipotupitia alfajiri.

Tairi zangu ni za lami, zilikuja na gari. Naachana nazo. Rafiki yangu anasema nichukue MT, zile za tope, zenye kashata (vitofali vya mpira vinavyokanyaga chini) kubwa kabisa, kesi iishe. Muuza duka ananipa AT, zile za njia mchanganyiko. Mwingine ananiambia nipande kwenda 265/70R17 gari liinuke. Bajeti milioni mbili na nusu kwa tairi nne. Wikiendi gari ni la mama watoto, kwa hiyo kelele nazo ziingie kwenye hesabu.

Nifuate lipi?

Mkonga78

Uza Prado, nunua Land Cruiser mkonga. Kesi imeisha.

PampuMaji

Mkuu, nitafutie kwanza hela ya mkonga, mengine nitayamaliza mwenyewe.

DerevaKaskazini

Kabla hujatumia hata shilingi, nijibu matatu. Zilikatika kwenye kashata au ubavuni? Gurudumu lipi? Na ulikuwa umejaza upepo kiasi gani?

PampuMaji

Nimetoka stoo na tochi sasa hivi. Zote tatu ni ubavuni. Mbili zimechanika kama mdomo, kidole kinaingia chote. Nimempigia fundi wangu kuhusu gurudumu, naye anakumbuka kuliko mimi: nyuma kushoto, zote. Upepo kusema kweli sijui. Jamaa wa pancha Mto wa Mbu huwa namwambia "jaza wa safari ndefu", anajaza.

DerevaKaskazini

Nilijua utasema nyuma kushoto. Wewe umekaa kulia, upande wako unauona, wa kushoto unaukisia. Halafu kwenye kona gurudumu la nyuma halipiti lilipopita la mbele, linakatia ndani. Jiwe ulilolikwepa kwa la mbele, la nyuma linalifuata lilipo. Ongeza na greda: likipita linasukuma mawe yote pembeni linaacha tuta. Ukipishana na gari la watalii au kundi la ng'ombe, unajitoa kushoto, moja kwa moja kwenye lile tuta, ubavu unajisugua kwenye makali.

Kwa hiyo MT si dawa ya ugonjwa wako. Kashata kubwa zenye nafasi pana ni za tope, zinalitema tope gurudumu linapozunguka. Wewe hujasema hata mara moja kwamba ulikwama. Zipo MT zenye ubavu mzito, sikatai, lakini utazilipia kwa kelele na mafuta kwenye lami yote ya kutoka Arusha, na lami ikilowa breki yake si ya kuringia. Chukua AT. Ila si kila AT.

BintiSpea

Hapo kwenye "si kila AT" ndipo watu wanapopigwa. Nimeuza tairi miaka tisa, naomba niongeze.

Inama usome ubavuni. Ikiandikwa 265/65R17 112S, hiyo ni tairi ya gari la kutembelea iliyovaa kashata za AT. Ikiandikwa LT265/65R17 120/117, hiyo ni ya gari la kazi. Namba 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi, 120 ni kilo 1,400. Prado yako hata ukiipakia pampu na mabomba haifiki huko, 1,120 mara nne inatosha na chenji inabaki. Kwenye LT unanunua ule ubavu mnene, mara nyingi imeandikwa 10PR au herufi E. Hasara zake: nzito, gari linakuwa gumu, linakunywa kidogo zaidi, na kwenye lami inataka upepo zaidi ya ule wa kibandiko cha mlango wa dereva ili ibebe mzigo uleule.

Jina peke yake halikusaidii. Geolandar A/T inatoka ya kawaida na ya LT, Discoverer AT3 vilevile. Jina moja, tairi mbili tofauti kabisa. Muuzaji akikwambia "ni ileile bosi", bado inama usome.

Na soma namba nne za mwisho kwenye DOT, ule mstari wa kiwandani ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani na vinywele vyake.

PampuMaji

Dada, umenifanya nitoke tena na tochi, mlinzi anadhani nimeibiwa. Za mbele 1116. Nyuma kulia ni mtumba, 3815. Spea ndiyo kituko: 0814, na imeandikwa 225/65R17.

MzeeWaDifu

225/65R17? Kijana, hiyo ni ya Harrier!

Piga hesabu. Yako 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. Hiyo ni 724. Sentimita tano pungufu. Prado yako ni fo-wili muda wote, haina kupumzika. Tairi moja ikiwa fupi inazunguka zaidi ya wenzake, na difu ya nyuma na ya katikati zinafidia tofauti hiyo kila sekunde mpaka mafuta yanachemka. Ukiifunga difu ya katikati kwenye ardhi kavu ukiwa hivyo, jiandae kuniletea gari. Umeiendesha kilomita ngapi?

PampuMaji

Siku moja nzima. Tusiongelee.

MzeeWaDifu

Mwaga mafuta ya difu uyaangalie. Na hiyo bajeti ya nne ifute. Ni tano, zinazofanana, na ya tano isikae mlangoni inaota jua, izungushe na wenzake kila kilomita 10,000.

AfisaMstaafu

Vijana, shikamooni hamsemi, basi mimi nawasalimu. Nimefanya kazi ya mifugo Longido, Ketumbeine na Gelai kwa miaka mingi kwa 7.50R16 yenye tyubu. Matairi membamba, kwenye tope yanachimba mpaka yakute ardhi ngumu. Likitoboka unalivua porini kwa vyuma viwili, kiraka, pampu ya mguu, safari. Haya mapana ya siku hizi ni ya harusini.

DerevaKaskazini

Shikamoo mzee, tusamehe. Kwa mkonga wako uko sahihi, na bado tunazo kambini. Ila tyubu ikichomwa na mwiba wa mgunga inaisha palepale. Tyubulesi inaweza kutembea na mwiba ndani siku nzima bila wewe kujua. PampuMaji, hili lishike: ukiuona mwiba na tairi haipungui, usiuchomoe porini. Uchomoe kwa fundi.

AfisaMstaafu

Marahaba. Hilo la mwiba nakuachia.

Milimita

Kuhusu saizi. 265/70R17 ni milimita 803, inakuinua milimita 13 tu chini ya ekseli. Dashibodi ikisoma 100 wewe uko 103, na ukikata usukani mpaka mwisho inaweza kugusa lina, ile plastiki ya ndani ya madigadi. Faida ndogo, usumbufu mwingi.

Kuna mlango ambao watu hawaupigi hodi: shuka badala ya kupanda. Rimu 16, tairi 265/70R16. Kipenyo 777, yaani ileile yako, dashibodi haidanganyi. Lakini ubavu unatoka milimita 172 unakuwa 186. Mpira zaidi kati ya jiwe na rimu. Na ni saizi ya Prado za zamani, si ya kutafuta kwa tochi. Sharti moja: kabla hujalipa, funga rimu moja mbele, izungushe kwa mkono, uone inaipita kalipa ya breki.

BintiSpea

Huyu Milimita kanikosesha mauzo ya 17, ila anasema kweli.

DerevaKaskazini

Sasa upepo, maana tairi nzuri yenye upepo mbaya ni hela ya bure. Nunua geji yako mwenyewe na kompresa ndogo ya betri. "Wa safari ndefu" mara nyingi ni psi 40 na zaidi. Tairi ngumu hivyo ikikutana na jiwe hainyumbuki, inapigana nalo.

Mimi kwa gari la uzito wako na LT: lami 36. Nikikunja Mto wa Mbu nashusha mpaka 28, mwendo 40 hadi 50, hata pale barabara ilipojikunja kama bati. Usishuke sana kwenye mawe, ubavu unavimba nje na kujitafutia kisu. Kwenye mchanga wa korongo ndiyo nashuka 18, napita, najaza tena hapohapo. Ukirudi lami na 28 ukakanyaga 100, tairi inachemka na kupasuka. Kipimo changu: pima asubuhi ikiwa baridi, pima tena baada ya saa moja. Ikiwa imepanda zaidi ya psi 6 kwa LT, upepo ulikuwa mdogo au mguu ulikuwa mzito.

Na mweke fundi mmoja akae kushoto nyuma, kichwa dirishani, akwambie mawe. Analipwa, afanye kazi.

PampuMaji (baada ya wiki tatu)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Duka la kwanza walinitolea tano za LT kwa bei nzuri mno. Nikainama kama nilivyofundishwa: mbili za mwaka jana, tatu zina miaka sita. Muuzaji akaniuliza nani kanifundisha kusoma hizo namba. Nikaondoka. Duka la pili nimepata LT265/70R16 tano, wiki zinazofuatana. Rimu 16 nimechukua za mtumba, moja ilikuwa imepinda, fundi akaikataa wakati wa balansi, tukabadilisha. Kalipa inapita, nafasi ya kidole. Bajeti imepasuka, kwa laki ngapi sitasema, mama watoto anasoma humu.

Mafuta ya difu yalitoka meusi. MzeeWaDifu, asante.

Nimeenda na kurudi mara moja, Engaresero mpaka Gelai. Geji ilinionyesha jamaa wa pancha alikuwa ananijazia 44. Nimeshusha 28, gari limelainika mpaka fundi mmoja akalala, tena yule wa dirishani. Ubavu wa nyuma kushoto una mikwaruzo miwili, haijafika kwenye nyuzi. Mwiba mmoja, nimeuacha, umechomolewa Mto wa Mbu. Kelele zipo kidogo kuanzia 80, kama nyuki wa mbali. Mama watoto amesema anasikia, lakini anasema gari sasa "limekaa kiume", basi nimenyamaza.

Mkonga78

Hizo rimu 17 unauza?

PampuMaji

Zimeshaondoka mkuu. Shemeji alizipakia kabla sijatangaza, na hela hajaleta.