Mjadala: Nyumba ya mawe Bagamoyo, ikae na kufuli mpaka mwenyewe aje likizo?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, mtaani kwetu Mji Mkongwe kuna nyumba ya ghorofa, mlango wa nakshi, baraza mbili. Mwenyewe yuko Dar. Huja Krismasi, Pasaka na siku chache za Juni, anaogelea, anaondoka. Masika yaliyopita bati liling'oka, maji yakashinda juu ya boriti wiki kwa wiki, na hapa mtaani hakuna mwenye ufunguo. Sasa ukuta wa nyuma umetoa tumbo. Nikipita pale roho inaniuma.

Wapo wanaotaka watu wa Dar wazuiwe kununua nyumba hizi. Mimi sikubali. Bagamoyo ni mji wa msimu tangu enzi za misafara: wapagazi wa Kinyamwezi wakishuka na pembe unafurika, wakirudi bara unapwaya. Hata Wajerumani walifanya makao makuu hapa, 1891 wakahamia Dar es Salaam. Mgeni wa msimu tumemzoea. Kinachoua nyumba ni kufuli.

Hoja yangu: mwenye nyumba ya kale asiyekaa humo, sheria imtake aweke mtu ndani, mwenye funguo na ruhusa ya kuita fundi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na ya baadaye kwa tangazo la Waziri. Ni ulinzi dhidi ya mtu anayebomoa. Paa linalovuja hubomoa nyumba bila kuomba kibali cha mtu.

Mchangiaji, mrithi
Usituweke wote kapu moja. Yetu ni ya urithi, tuko kumi na mmoja, wengine Unguja, mmoja Oman. Kuuza hatuelewani, kukarabati hakuna anayetoa. Huyo mtu wa ndani mshahara wake atalipa nani?

Mchangiaji, fundi
Mimi kazi yangu chokaa. Kaka, hoja yako ni nusu. Nimeona nyumba zenye watu ndani zikiharibika, kwa sababu aliyeitwa alikuja na mifuko ya saruji. Jiwe la matumbawe linavuta unyevu na lina chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke, saruji inauziba. Mwaka wa kwanza ukuta unang'aa, baadaye plasta inabanduka vipande vipande na jiwe nalo linafuata. Na boriti za mikoko zilizooza vichwani msizikate mkaweka zege juu ya ukuta wa zamani, uzito ule hauuwezi.

Mwanzisha mada
Fundi, nimekuelewa, narekebisha hoja: mtu ndani, na matengenezo yawe ya chokaa chini ya macho ya watu wa Idara ya Mambo ya Kale. Bila hilo la pili, la kwanza halisaidii.

Dada mrithi, samahani kama nimekugusa. Sikusema mshahara. Mpeni mtu chumba bila kodi, naye afungue madirisha, afagie majani kwenye mifereji ya paa, awapigie simu tone la kwanza likidondoka. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanahitaji vyumba kila mwaka. Hilo halihitaji warithi wote kumi na mmoja watoe fedha, linahitaji wakubaliane jambo moja dogo.

Mchangiaji, mrithi
Chumba cha chini upande wa baharini kina mlango wake. Nitaanza na kaka yetu mkubwa, yeye ndiye mwenye funguo.