Kikundi cha familia: nani atakaa na Anko Maina?

Nyambura: Familia, hamjambo. Mchezo wetu ni Jumamosi hii, saa kumi jioni. Tikiti 500, watoto 200. Wanaokuja andikeni majina hapa, viti vinaisha.

Kimani: Unahusu nini? Tusije tukalala.

Nyambura: Unaitwa Blithe Spirit, wa Noël Coward, yule Mwingereza. Kuna mwandishi, Charles, anamwalika mama mmoja wa kuita mizimu, Madame Arcati, aje baada ya chakula cha jioni. Charles haamini, anataka tu kuona ujanja wake apate cha kuandika kitabuni. Kumbe aliyeitika ni mke wake wa kwanza, marehemu Elvira. Na wa pili amekaa papo hapo sebuleni.

Kimani: Wueh.

Anti Rahab: Nyambura mwanangu, Jumamosi uite mizimu, Jumapili usimame na kwaya?

Nyambura: Anti, ni vichekesho. Mganga mwenyewe anakuja kwa baiskeli.

Anti Rahab: Tunaishi chini ya mlima Menengai, hayo mapepo ya huko juu hayajatutosha?

Kimani: Pepo wa Menengai hawana nauli ya kushuka mjini Anti, tulia.

Nyambura: Uliandikwa 1941, vita vimepamba moto. Coward aliumaliza kwa kama siku sita. London imebomolewa na mabomu, misiba kila mahali, na bado watu walijaa kumcheka maiti anayegombana na mke mwenzake. Ulichezwa mara 1,997 mfululizo.

Kimani: London hii yetu, mtaa wa hapa Nakuru?

Nyambura: 😂😂 Hii yetu hata stima hazijarudi tangu jana.

Nyambura: Cucu, tunaomba ile gramafoni ya Guka. Mzimu unaitwa kwa santuri, wimbo wa Irving Berlin.

Cucu: Iko stoo. Panya walizalia ndani.

Nyambura: Ni ya kuonekana tu Cucu, sauti itatoka kwa spika.

Kimani: Swali. Anko Maina na yeye amealikwa?

Anti Rahab: Kimani, futa hiyo.

Kimani: Si nimeuliza tu! Mke wa kwanza marehemu, mke wa pili sebuleni...

Anti Rahab: FUTA kabla Salome hajaona.

*Ujumbe huu umefutwa*

*Ujumbe huu umefutwa*

Cucu: Rahab, yeye amefuta. Jina la Salome umeliandika wewe.

Nyambura: Jamani 🙈 Turudi kwa mchezo. Utamu wote uko hapa: mzimu anaonwa na Charles peke yake. Dada anayeigiza Elvira amepakwa poda ya kijivu mpaka kwenye kope, anapita mbele ya mke wa pili, na huyu haruhusiwi hata kupepesa jicho. Charles akimwambia mzimu "nyamaza", mke wa pili anajua ni yeye anayeambiwa. Basi ni vita.

Nyambura: Mimi ni Edith, msichana wa kazi. Pia navuta kamba. Mwishoni vyombo vinaanguka vyenyewe, kwa hiyo tumefunga chungu cha maua kwa uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, ukapita nyuma ya pazia. Jana ulinasa kwenye gauni la mtu, chungu kikaanguka watu wakiwa bado wanakunywa chai. Tumenunua kingine Top Market.

Anko Maina: Nimesoma yote. Hata zilizofutwa.

Kimani: Anko shikamoo 🙏🙏

Anko Maina: Marahaba. Nyambura, huyo marehemu amerudi kutaka nini?

Nyambura: Anamtaka mumewe, Anko. Anaharibu gari ili afe, waende pamoja. Sasa gari likachukuliwa na mwingine...

Kimani: Usitumalizie!

Anko Maina: Mama Ciku hangenitafuta na gari. Angeuliza kwanza nani aliuza ng'ombe wake.

Mama mdogo Salome: Na mimi ningemwonyesha kwa kidole.

Mama mdogo Salome: Halafu ningempeleka jikoni aone sufuria zake. Hakuna hata moja imepotea.

Cucu: Ni kweli. Nimeziona.

Mama mdogo Salome: Nyambura mama, tuandikie tikiti tatu. Pesa natuma sasa hivi.

Nyambura: Sawa Mama mdogo. Ya tatu ni ya Ciku?

Mama mdogo Salome: Ciku ana mtihani. Hicho ni kiti cha katikati, kiachwe wazi. Asije akasema tulimwacha nyumbani.

Kimani: 😂😂😂 Nimeanguka

Anko Maina: Mnaona ninayoishi nayo?

Anti Rahab: Salome! Ashindwe!

Nyambura: M-Pesa imeingia, asante. Anti, na wewe nikuandike?

Anti Rahab: Niandike, lazima mtu awepo wa kuomba. Lakini niweke mbali na hicho kiti.